Bastola Zilizopona Kiwanja

Goma, Himbi, tarehe 9 Februari 1995

Yaya Kahindo,

Kamate dereva ameapa kwamba barua hii itakufikia mbele ya gari yake kuharibika tena, kwa hiyo naandika haraka, dada yangu. Sisi tuko. Élodie ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka. Mudogo wake anakohoa juu ya vumbi na moshi. Tangu wakimbizi wa ng'ambo wajae huku, kila mutu anapika nje, na miti imekwisha kukatwa mpaka mizizi. Mama ametutumia mboga za poaro na viazi toka Butembo, akauliza kama unakula vizuri. Nimemujibu kwamba mutu anayekaa Vitshumbi hawezi kukosa samaki. Ndani ya salon yetu, pale pa kupokelea wageni, analala Annonciata, mama mumoja wa Masisi ambaye nyumba yake ilichomwa. Ni mutu mupole. Nikiamka nakuta amekwisha kufagia.

Sasa habari nyingine, ambayo pengine imekwisha kukufikia. Bwana yangu Adalbert amekuwa chef wa walinzi. Muzee Bulonza, ule patron mwenye magari ya maharagi, amemupa Adalbert walinzi wote, wale wa depo na wale wanaosindikiza magari mpaka sokoni Kiwanja. Ametupa pia nyumba ya nyuma ndani ya parcelle yake, ua wake wa hapa Himbi, na ukipanda juu ya jiwe la kufulia unaona ziwa. Siandiki hivi kwa kujivuna. Naandika kusudi ujue fasi ya kutuma barua.

Muzee amewanunulia walinzi bastola sita mpya, zile ambazo ukipiga risasi moja zenyewe zinajiwekea ya pili. Zilifika ndani ya karatasi za mafuta, zinang'aa kama sahani za arusi, na Adalbert alizibeba sawa mutu anayebeba mutoto muchanga. Lakini Yaya, hazifanyi kazi. Walienda kuzijaribu kule kwenye mawe meusi, mbali na watu. Risasi ya kwanza inatoka. Ya pili inakwama njiani, pua juu, kama mutu anayezama. Ao ganda tupu linabaki limesimama pale pa kutokea, na kila kitu kinafunga. Moja tu ilimaliza risasi zake zote, na kesho yake nayo ikakataa.

Wewe ulifanya kazi ndani ya magazini, lile ghala la silaha kambini Kisangani, unajua vitu hivi. Niandikie mimi dawa yake, nami nitamuelezea Adalbert. Usijisumbue kuja. Njia ni mbaya, na nyumba imejaa.

Mudogo wako,
Charline, mama Élodie


Vitshumbi, tarehe 1 Machi 1995

Mudogo wangu Charline,

Barua yako imefika na mafuta ya injini, Kamate aliifunga ndani ya kitambaa chake cha kupanguzia. Nimeisoma nikiketi juu ya gunia la chumvi. Huku kiboko amepasua mitumbwi miwili, na wale ndege marabu wanatembea katikati ya nyumba kama maaskari wasiolipwa. Nakausha samaki, nauzisha, nalala. Mwambie mama nakula.

Pongezi kwa bwana yako. Nyumba yenye kuona ziwa ni kitu kizuri. Mimi pia nikifungua mulango naona ziwa, lakini langu linanuka.

Juu ya bastola. Unaniomba dawa, na mugonjwa sijamuona. Uliza haya. Risasi zimetoka fasi moja, ao ni za zamani zimechanganywa na mpya? Ile graisse, mafuta mazito ya kiwandani, waliipangusa, ao waliiacha kwa sababu ilikuwa inang'aa? Na ile chargeur, kikebe cha risasi kinachoingia ndani ya mushiko, ni moja tu inayokataa kila mara ao ni zote? Waandike namba juu ya kila chargeur, kusudi wajue kama ugonjwa uko ndani ya kikebe ao ndani ya bastola yenyewe. Wasafishe na petroli, wapake mafuta kidogo tu, wapige tena. Mutu asibebe njiani silaha ambayo haijamaliza risasi nyingi bila kukataa. Upya si uzima, mudogo wangu. Kitu kipya ni kitu ambacho hakijaonyesha bado ubaya wake, ni hivyo tu.

Kama bado zinakataa, lazima niziguse mimi mwenyewe. Naweza kupanda gari ya samaki nikakuja, ao Adalbert azilete huku. Yeye anajua namna ninavyofanya kazi. Kule Kisangani bunduki yake ilikuwa inakwama kila wiki, na kila wiki alikuwa anasimama mbele ya dirisha langu.

Salimia Élodie. Mwambie acheke, meno yanarudi.

Kahindo


Goma, tarehe 6 Aprili 1995

Yaya Kahindo,

Pasaka inakaribia na mudogo wa Élodie ameacha kukohoa, Mungu asifiwe. Annonciata ameanza kuuzisha sambaza, vile visamaki vya ziwa, mbele ya parcelle, anapata cha chumvi na sabuni. Mama anaumwa goti, lakini anakataa kukaa chini.

Asante kwa maneno yako. Yote nilimusomea Adalbert kwa sauti, isipokuwa yale ya dirisha.

Walipangusa ile graisse. Uliwaza vizuri, walikuwa wameiacha juu ya kung'aa kwake. Risasi pia zilikuwa zimechanganywa, zingine zimeota kutu ya kijani. Sasa ni afadhali kidogo, lakini hakuna hata moja ya kuaminika. Leo inapiga vizuri, kesho inakwama. Adalbert anaweka yake chini ya muto na haiamini, sawa mutu aliyeazima mbwa wa jirani. Hapendi kumuambia patron namna mambo yalivyo kweli. Ni chef mupya, na Muzee Bulonza anazionyesha zile bastola kwa wageni wake. Juma lililopita wezi wenye bunduki walisimamisha gari ya mufanyabiashara mwingine kupita Kibumba. Walichukua mizigo yote, wakamupiga dereva mpaka akapoteza jicho. Kwa hiyo siandiki kwa kucheza.

Tafazali waza tena, uniandikie dawa nyingine, ya kuandika kwenye karatasi. Kuja, hapana. Annonciata yuko salon, Élodie analala miguuni petu, na patron hapendi watu wengi ndani ya parcelle. Na Adalbert kufika Vitshumbi haiwezekani, kazi yake inaishia Kiwanja.

Hakuuliza habari zako, lakini najua anakusalimia.

Charline


Vitshumbi, tarehe 28 Mei 1995

Charline,

Nimekawia kujibu. Nilikuwa na malaria, kisha nikawa na hasira. Malaria ndiyo ilitangulia kuisha. Goti la mama, mutafutie mafuta ya nyoka kwa wale wauzaji wa Birere, si lazima yamuponyeshe, lakini yatamufurahisha.

Kamate alipita kwangu akala ugali. Akiwa ananawa mikono akaniuliza:

«Mama Kahindo, juu ya nini unakataa kazi ya Muzee Bulonza?»

«Kazi gani?»

«Ya kuangalia zile bastola. Muzee mwenyewe aliniambia, kwenye depo. Tangu mwezi wa tatu alimwambia mudogo wako akuite, njia yako ingelipwa. Mudogo wako akamujibu kwamba hutaki kutoka Vitshumbi.»

Nikaendelea kupanga samaki. Sikumuambia Kamate kitu, juu wewe ni mutoto wa mama yangu.

Nimeisoma tena barua yako ya Aprili. Kuna goti, kuna sambaza, kuna jicho la dereva. Muzee Bulonza hayumo, isipokuwa kwamba hapendi watu wengi. Sitakuuliza kwa nini. Wewe unajua, mimi najua, na mama anajua. Lakini sikiliza neno hili: bastola inayokataa haichagui mutu wa kumukatalia.

Kuanzia mwezi wa sita nitakuwa nauzisha samaki Kiwanja kila Ijumaa, nyuma ya wale wa mawese, mafuta ya ngazi. Nimekuambia wewe. Bwana yako sikumuambia.

Kahindo


Goma, tarehe 3 Julai 1995

Kahindo,

Watoto wazima. Mama muzima. Annonciata muzima. Sasa tuseme.

Ijumaa Adalbert alirudi toka Kiwanja na samaki wa chumvi ndani ya karatasi. Alisema alinunua kwa mama mumoja sokoni. Nikapika. Jumamosi walienda kwenye mawe kujaribu bastola. Mimi nilikuwa nafua, na toka pale juu ya jiwe nikasikia: mulio, mulio, mulio, mpaka chargeur ikaisha, bila kukatika. Kisha nyingine vilevile. Walinzi wakarudi wakipiga makofi. Ruffin, ule kijana wa Rutshuru anayetembea na Adalbert kila safari, akaingia parcelle akicheka.

«Mama Élodie, bastola zimepona!»

«Nani amezitibu?»

Akaangalia viatu vyake.

Adalbert aliporudi nikamungoja mpaka amalize kunywa maji.

«Ulimuona?»

«Nani?»

«Usiniulize nani.»

«Tulipita sokoni. Alikuwa pale.»

«Alikushika mukono?»

«Alishika bastola, Charline.»

Anasema kama vile ni kitu kidogo! Miaka yote hii nalala na mutu huyu, nampikia, namuzalia, na hajawahi kunielezea kitu kimoja cha kazi yake nikakielewa. Nyinyi wawili mukiweka kile chuma katikati yenu, munaongea luga ambayo mimi sina. Nilijua tangu ile Noeli ulipomuleta nyumbani Butembo. Mulikuwa munacheka juu ya resori na kufuli za bunduki, na mimi ndiye niliyekuwa nabeba chai. Basi ni kweli, ni wewe ulimuleta. Lakini mbuzi za mahari alizileta kwa jina langu, na baba alizipokea. Wewe ulikuwa umekwisha kurudi kambini, na hukusema kitu. Endelea kutosema.

Nimemukataza Adalbert kutaja jina lako ndani ya parcelle hii, mbele yangu ao mbele ya patron. Usiniandikie tena.

Charline


Vitshumbi, tarehe 15 Julai 1995

Charline,

Umenikataza kuandika, nami naandika. Salamu za hapa ziko, nitakupa siku nyingine. Soma hii mpaka mwisho, kisha uikasirikie.

Ndiyo, alikuja. Wewe ulipata barua yangu na hukumuonyesha, yeye alipita sokoni akaniona tu. Tulikuwa meza moja, nyuma ya mapipa ya mafuta ya ngazi: mimi, yeye, Ruffin, mulinzi mwingine, na Kamate akila ndizi ya kuchoma. Hakuna mutu aliyecheka. Nilifungua zile bastola moja moja.

Nne zilikuwa na ugonjwa wa kawaida. Resori za chargeur, zile springi zinazosukuma risasi, zilikuwa ngumu mno, nikazilegeza. Chuma kilikuwa na makali fasi isiyotakiwa, nikakipiga musasa. Risasi mbaya nilizitenga zote. Hizo nne zimepona, umesikia mwenyewe.

Mbili hazitapona. Pale ndani risasi inapolala, chuma kimekwaruzwa tangu kiwandani. Ganda likipata moto linashikamana na halitoki. Hapo petroli haisaidii, mafuta hayasaidii, mimi pia sisaidii. Zinaweza kupiga vizuri asubuhi moja mbele ya watu wanaopiga makofi, na siku ya shida zikafunga. Nilizichora alama ya musalaba kwa musumari, chini ya mushiko. Nikamuambia Adalbert zirudi kwa aliyeziuza, mutu asizibebe njiani. Akaitikia.

Kisha nikamuona anatoa bastola nzuri kwenye mukanda wake, anamupa Ruffin. Na yeye anachukua moja ya zile mbili.

«Unafanya nini?»

«Nikimuambia patron kwamba mbili ni mbovu, ataniuliza nani amesema.»

«Umwambie ni mimi.»

«Charline alimuambia hutaki kutoka Vitshumbi. Nikisema ulifika Kiwanja na ukafanya kazi bila kuombwa hata mara mbili, bibi yangu anakuwa muongo mbele ya mutu anayetupa nyumba.»

Ndivyo alivyosema. Hakukusema vibaya. Alikuwa anakufunika.

Sasa yeye hawezi kusema, juu umemukataza. Mimi siwezi kusema, juu sina njia ya kumufikia patron bila kukuaibisha. Umebaki wewe. Mwambie Muzee Bulonza kwamba niliandika barua na kueleza. Sema uongo mwingine kama unapenda. Uongo mumoja zaidi hautaua mutu. Ile bastola itaua.

Kuhusu mbuzi, sina cha kuandika.

Kahindo


Goma, tarehe 20 Septemba 1995

Yaya,

Watoto wanabaki na Annonciata. Mama hajui bado, usimuandikie.

Barua yako ya Julai niliisoma. Niliisoma mpaka karatasi ikaanza kupasuka kwenye mikunjo. Mara moja nilivaa kikwembe kizuri, nikatoka mpaka kwenye mulango wa nyumba kubwa ya patron. Nikasikia anacheka na wageni ndani. Nikaona namna nitakavyosimama pale nikisema, dada yangu alisema hivi, dada yangu anajua, muite dada yangu. Nikarudi jikoni. Nilijisemea kesho. Kila siku nilijisemea kesho.

Jumanne ya juma lililopita walikuwa wanarudi toka Kiwanja na gari mbili. Mbele ya kufika Kibumba wakakuta muti umelazwa njiani. Adalbert akashuka na kumwambia dereva arudishe gari nyuma. Watu wakatoka ndani ya majani wakipiga risasi. Ruffin anasema Adalbert alijibu mara moja, moja tu, kisha bastola ikafunga. Alijaribu kuvuta ganda na mukono wa kushoto, akiwa amesimama wazi katikati ya njia, juu dereva alikuwa hajamaliza kugeuza. Risasi zikamupata mukono wa kuume, fasi mbili. Ruffin akapita ng'ambo ya gari na akaanza kupiga. Yake haikukataa. Alipiga mpaka wale watu wakakimbia, kisha akamubeba Adalbert mugongoni na kumutia juu ya maharagi.

Kwenye hospitali wamemukata mukono chini ya kiwiko. Wanasema ataishi kama homa itashuka.

Ruffin aliniletea vitu vyake: mukanda, rozari, bastola. Ganda lilikuwa bado limesimama pale pale. Nilikuwa sijawahi kushika kitu kile. Nikakigeuza, nikaona musalaba wako wa musumari.

Nilienda kwa Muzee Bulonza nikiwa na nguo za hospitali, zenye damu. Nikamuambia yote: kwamba hukukataa, kwamba sikukuita, kwamba ulikuwa umesema ni mbili. Kisha akasema, «Mama Élodie, ningezirudisha siku ileile. Ilikuwa neno moja tu.» Hakunifukuza. Ingekuwa afadhali anifukuze.

Nina kitu kingine. Homa ikipanda, Adalbert anaita watu wote. Anaita Élodie, anaita mama yake aliyekufa, anaita Ruffin arudi nyuma ya gari. Jina lako halitaji. Hata ndani ya homa. Anafika karibu, anasema «muulize...», na ananyamaza. Nilimukataza vizuri sana.

Yaya, kuja.

Charline


Vitshumbi, tarehe 23 Septemba 1995

Charline,

Kamate anangoja, injini inawaka. Nakuja na gari hii hii inayobeba barua, lakini nataka uisome mbele ya kuniona, kwa hiyo Kamate ataingia kwanza na mimi nitabaki kwenye mulango wa hospitali.

Sikuji kusema «nilikuambia». Sitalala kwako, nitalala kwa masista wa parokia. Nitashinda hospitali mchana ili wewe uoge na ulale. Ukitaka nitoke chumbani, nitazame tu, nitatoka.

Kahindo


Goma, tarehe 14 Januari 1996

Yaya Kahindo,

Heri ya mwaka mupya. Kamate anasema ulifika salama na kwamba ulikuta watu wameiba chumvi yako. Élodie amenikasirikia tangu uondoke, anasema mimi sijui kusuka nywele bila kumuumiza. Mama alifika hapa kwa ajili ya Adalbert, akakaa, akalia, akanipigia kelele juu ya supu. Annonciata amepata chumba chake, karibu na soko. Salon imekuwa kubwa mpaka tunasikia sauti zetu.

Adalbert anatembea. Anapima magunia kwenye depo na anajifunza kuandika na kushoto, herufi zake ni kama za mutoto. Ruffin ndiye chef sasa. Patron alitafuta yule mufanyabiashara aliyemuuzia zile bastola na hakumuona tena. Basi zile mbili aliziweka juu ya jiwe mbele ya walinzi wote na kuzivunja na nyundo, yeye mwenyewe, muzee na jasho lake. Amesema kama unataka kazi, iko. Nimekupa ujumbe. Ona, safari hii nimekupa.

Sasa nikuambie kitu. Nilifikiri wivu utaisha siku ile ya damu. Haukuisha. Wewe ulikuwa unaosha kile kidonda ambacho mimi nilikuwa nashindwa kukiangalia, na siku moja mulianza kucheka, wewe na yeye, juu ya sajenti mumoja wa Kisangani aliyejifungia ndani ya choo. Ilikuwa mara ya kwanza anacheka tangu mukono ukatwe. Nilipaswa kupiga magoti nimushukuru Mungu. Nilitoka nje kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Annonciata aliniona. Akasema, «Mama Élodie, unapuliza nini?» Nikamuambia moshi umeniingia machoni.

Tulikaa pamoja miezi mitatu, tukaosha mutu mumoja, tukala sahani moja, na neno hili hatukuligusa. Kwa mudomo siwezi. Kwa hiyo naandika.

Ulimupenda?

Usinijibu na habari za mama wala za kiboko.

Charline


Vitshumbi, tarehe 2 Machi 1996

Charline,

Kiboko, samaki, chumvi, homa: vyote viko. Nimeviweka kwa mustari mumoja kusudi usiseme nakimbia.

Ndiyo. Nilimupenda. Nilimuleta Butembo kusudi mama amuone, na nilifikiri kila mutu pale nyumbani ameelewa. Habari ya mbuzi niliipata kambini, kwa mutu aliyetoka Butembo kuuzisha vitunguu. Aliniambia, «Hongera, mudogo wako anaolewa na ndugu mumoja wa hapa hapa kambini.» Nikasema asante. Nikaingia magazini na nikasafisha bunduki zote za kikosi, hata zile safi. Kapiteni akanisifu.

Adalbert simuhesabii kosa. Hakuniahidi kitu. Wewe pia ulikuwa musichana, mutu amekuangalia, ukafurahi. Kilichoniuma kilikuwa kingine. Baba alijua, mama alijua, wewe ulijua, na mulinizunguka kama watu wanavyozunguka jiwe njiani. Nilirudi likizo nikakuta arusi imepita, na mama akaniwekea chakula na kuniuliza kama Kisangani kuna joto.

Kwa hiyo nikuambie na hili, juu umeuliza kweli. Barua yako ya kwanza ilipofika, na nyumba yenye kuona ziwa, na bastola zisizopiga, nilifurahi kwamba hazipigi. Nilifurahi siku nzima. Kisha nikachukua kalamu.

Leo je? Sijui namna ya kukuandikia leo. Nilipokuwa naosha kile kidonda nilikuwa naona kidonda. Alipocheka nilifurahi kwamba anacheka, na nilikuona ukitoka, na nilijua moto unawaka. Ni hivyo tu nilivyo navyo. Pengine utaendelea kuona wivu nikifika, nami pengine nitaendelea kuona wivu nikiondoka. Tutaishi nao kama watu wanavyoishi na goti baya.

Kazi ya Muzee Bulonza naikubali, lakini si ya kukaa Goma. Nitashuka kila mwisho wa mwezi, niangalie silaha, nisuke nywele za Élodie, nirudi. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mudomo wako.

Swali lako nililisoma nikiwa nimesimama sokoni Kiwanja, kisha nikaketi chini, pale pale kwenye matope. Tangu ile Noeli ni wewe wa kwanza kuniuliza. Siku ile niliuzisha samaki wote bila kubishana bei na mutu, mpaka wanunuzi wakaanza kuniogopa.

Yaya wako,
Kahindo